Mihuri Minane ya Siku Moja

Kwa miezi minne nilimchukia Mwalimu Justa Masalu kuliko nilivyowahi kumchukia mwizi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namsifu rafiki yangu. Si rafiki yangu. Hata leo tukikutana njiani ananisalimu kwa kichwa tu, na ana haki.

Mimi ni Seif Nurdin, fundi wa injini za boti. Banda langu liko Kirumba, hapa Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, na kabla yangu lilikuwa la marehemu baba. Kwenye meza ya kazi kuna droo, na ndani ya droo kuna muhuri wa mbao wenye jina la banda. Baba aliuchonga mwaka niliozaliwa. Kila injini inayotoka kwangu huondoka na nusu karatasi iliyoandikwa kwamba imetengenezwa na kujaribiwa, na chini yake nagonga muhuri. Wenye mitumbwi hawakubali injini bila karatasi ile, kwa sababu vijana wao wanaipeleka mpaka visiwani, na injini ikizima katikati ya ziwa hakuna pa kushuka ukaomba msaada.

Mwalimu Justa ana miaka hamsini na minne. Ni mfupi, anatembea haraka, na sauti yake haijui kunong'ona. Alizaliwa Magu kwa wakulima wa pamba. Alipomaliza shule ya msingi aliletwa mjini kwa shangazi yake, akapata kazi ya kufagia kwenye kiwanda cha nguo. Huko fundi mitambo mmoja, Mzee Yeremia, alimwona anasimama mbele ya mashine iliyofunguliwa badala ya kufagia. Hakumfukuza. Alimpa tupa na kipande cha chuma, akamwambia akifanye mraba. Binti alikipiga tupa wiki tatu, kila jioni anakileta, na kila jioni mzee anakiangalia kwenye mwanga na kumrudishia. Hakukuwa na kitabu cha kusaini. Kiwanda kilipofungwa, Justa alitoka pale akiwa fundi, na baadaye chuo kimoja cha ufundi kule Igoma kikamchukua akafundishe.

Miaka ya karibuni chuo kilimpa kazi nyingine, kuwatafutia wanafunzi nafasi za kujifunza kazini. Kazi ile ni ya kuomba, na Justa si mwombaji. Kila asubuhi alikuwa na geti lake la kugonga: viwanda vya samaki, gereji, hoteli, wajenzi wa mitumbwi. Walinzi walimfahamu kwa jina. Mameneja wa Mwanza husafiri sana siku Mwalimu Justa anapofika. Utaambiwa bosi yuko Dodoma, na gari la bosi umelipita hapo nje limeegeshwa. Alikuwa anaandika yote kwenye daftari: geti gani, siku gani, alijibiwa nini na nani.

Sasa kulikuwa na kikao. Tuliitwa wadau. Ukiitwa mdau ujue kuna ukumbi wenye kiyoyozi, chupa ya maji mbele ya kila mtu na mkoba wenye kalamu ndani. Tulisimama mmoja baada ya mwingine tukasema lile lile. Vijana wanatoka vyuoni weupe. Hawajui kazi. Wanataka vyeo kabla ya kushika chombo. Mimi nilikuwa wa tano au wa sita. Nilisema wapo wanaomaliza ufundi hawajui hata kushika spana, na watu wakapiga makofi, na mimi nikakaa nimeridhika.

Mwalimu Justa alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alisimama bila kuitwa.

"Spana wanaishikia wapi?" akauliza. "Chuoni tuna injini mbili, wanafunzi sitini. Mwaka huu nimebisha hodi kwenye mageti arobaini na moja. Walionifungulia ni sita. Humu ndani waliolalamika mpaka sasa ni tisa, na kati ya hao tisa hakuna hata mmoja aliyenifungulia. Nina daftari hapa, anayebisha aje asome."

 Samaki mkunje angali mbichi, tunapenda sana kusema. Lakini sisi tunataka aje kwetu amekwisha kukunjwa na mtu mwingine, kwa mikono ya mtu mwingine, na akivunjika tunamlaumu samaki. Mwenyekiti akajaribu kupooza mambo, akauliza nani yuko tayari kupokea japo mwanafunzi mmoja. Mtu wa kamera alikuwa amesimama karibu yangu. Nilinyoosha mkono kwa sababu kamera ilikuwa imenielekea. Sina sababu nyingine ya kujitetea.

Mwanafunzi aliyeletwa aliitwa Winnie Mihayo, binti wa miaka ishirini. Mama yake anaanika na kuuza dagaa pale pale Mwaloni. Alifika Jumatatu kabla sijafungua banda, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ya miguu inaonekana. Akanipa shikamoo, akanipa kitabu cha mafunzo kwa mikono miwili. Kitabu kilikuwa na kurasa nane, ukurasa mmoja kwa kila wiki, na kila ukurasa una sehemu ya kuandika alichojifunza na sehemu ya muhuri.

Nikafanya kinachofanywa na karibu kila mtu mjini hapa. Nilikaa, nikajaza kurasa zote nane. Wiki ya kwanza, ametambua sehemu za injini. Wiki ya tatu, amefungua kabureta, ameisafisha na kuirudisha. Wiki ya nane, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Kisha nikavuta droo, nikaupulizia muhuri pumzi kama baba alivyokuwa akifanya, nikagonga mara nane. Tunaita kumsaidia mtoto. Unamgongea mapema asije akasumbuka, na wewe usisumbuke. Nilimrudishia kitabu nikaona nimetenda wema. Winnie alishukuru, lakini nakumbuka alikifungua tena alipofika mlangoni, akasoma ukurasa wa tatu, akanitazama.

Alikuja siku saba. Nilimtuma uji. Nilimtuma chapati. Nilimpa plagi chakavu akaziosha kwa petroli, zilizokuwa haziendi popote. Akisogea kwenye injini ya mteja nilimwambia asimame mbali asije akaharibu mali ya watu. Ukweli ni kwamba niliogopa, na ukweli mwingine ni kwamba kwetu ufundi ulikuwa wa nyumbani; baba alinifundisha mimi na ndugu zangu, basi. Mtoto wa mwenzako ulimpa maji ya kunywa, hukumpa kazi yako. Siku ya nane Winnie hakuja, nami nikapumua.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Mzee Luhende alikuja kuchukua injini yake. Huyu ni mteja wangu wa miaka ishirini, ana mitumbwi mitatu. Nilikuwa namgongea karatasi yake, wino haujakauka, Mwalimu Justa akaingia. Hakupiga simu kwanza. Wengine hupiga simu kwanza.

"Winnie yuko wapi?"

"Nimemtuma mara moja, mwalimu."

"Umemtuma akageuze dagaa? Nimetoka kwao sasa hivi, yuko juani na mama yake."

Akatoa kile kitabu kwenye mkoba wake, akakilaza mezani kando ya karatasi ya Mzee Luhende, akaanza kusoma kwa sauti. Aliposoma mpaka wiki ya nane akasimama. "Leo ni Jumatano ya wiki ya tatu," akasema. "Hizi tano zilizobaki umezionea wapi, Seif? Umeoteshwa?"

Nilicheka. Mtu akiaibika hucheka. Nikamwambia hii ndiyo desturi, kila mtu anafanya hivyo, mbona ananiandama mimi peke yangu. Mzee Luhende alikuwa ameinama mezani. Alikuwa anaangalia muhuri wa kitabuni, kisha muhuri wa karatasi yake, kisha wa kitabuni tena.

"Seif, mihuri hii ni ya banda lako yote?"

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu binti hajafungua injini hata moja?"

Nikafunika wino.

"Sasa mimi nitajuaje kama hii yangu umeifungua?" Alisema taratibu, hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Vijana wangu wanne wanakwenda nayo Ukerewe leo. Itie kwenye pipa, uiwashe. Nitakaa hapa hapa niisikilize."

Miaka ishirini hakuwahi kuniambia hivyo. Hata baba hakuambiwa hivyo. Niliifunga injini kwenye pipa la maji, nikaiwasha, na Mzee Luhende akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa zaidi ya nusu saa akisikiliza kazi niliyokwisha kumhakikishia. Wateja wengine wawili walisimama wakauliza kuna nini, akawaeleza. Mwalimu Justa alisubiri mpaka nilipoizima.

"Binti huyu angekuibia spana moja ungempeleka polisi," akaniambia. "Wewe umemwibia wiki nane, na umemwandikia risiti juu yake. Kitabu hiki nakifuta. Ataanza upya kwa mtu mwenye haya."

Akaondoka na kitabu.

 Sikujuta, nilikasirika. Mwanamke ameingia bandani kwa marehemu baba yangu na kunivua nguo mbele ya wateja. Jioni ile ile nilizunguka kwa wenzangu. Kulikuwa na wenye gereji wawili na mjenzi wa mitumbwi mmoja, wote waliwahi kutembelewa bila simu, wote walikuwa na kitabu chao kilichogongwa mapema. Tuliandika barua kwa mkuu wa chuo. Tulisema mratibu wenu anadhalilisha wadau, hana lugha ya staha, na akiendelea hatutapokea mwanafunzi yeyote. Mwandiko ulikuwa wangu. Nikavuta droo, nikaupulizia muhuri, nikagonga chini yake.

Barua ilijibiwa ndani ya siku nne. Mwalimu Justa aliondolewa kwenye kazi ya mageti, akarudishwa karakana kufundisha wa mwaka wa kwanza kupiga tupa. Daftari lake la mageti alitakiwa kulikabidhi. Nilikula sato mzima usiku ule nikamwambia mama Yasmin kwamba haki imetendeka. Mke wangu alisogeza tu sahani yake.

Sikujiuliza Winnie amefikia wapi. Justa alikuwa amekwisha kumpatia geti jingine, la watu wa vivuko, na alitakiwa ampeleke mwenyewe wiki iliyofuata. Alipoondolewa, hakuna aliyempeleka. Mtoto akakaa miezi minne anageuza dagaa. Hata angeuliza, angemuuliza nani?

Ndipo akaja Obedi, mratibu mpya. Kijana msafi, mpole, viatu vinang'aa mpaka unaogopa kumkaribisha kwenye mafuta. Aliongozana na Winnie, na mkononi alikuwa na kitabu kipya, kurasa nane tupu.

"Mzee wangu, sisi hatutaki ugomvi na wadau," akaniambia akitabasamu. "Ijumaa ndiyo mwisho wa kuandikisha watu wa mtihani. Chuo kinatakiwa kionyeshe kila mwanafunzi amekwenda fildi. Uligonga mwanzo, gonga tena tu, ni kile kile."

Alikuwa na maneno matamu. Alinitendea kama nilivyotaka nitendewe siku zote. Nikakaa, nikavuta droo, nikaupulizia muhuri. Mbele yangu pale mezani kulikuwa na kabureta niliyokuwa nimeifungua asubuhi. Sijui nini kilinifanya niulize. Labda ni Mzee Luhende, ambaye tangu siku ile hakurudi, na nilisikia anapeleka injini zake kwa fundi wa Igombe.

"Winnie, hiki ni nini?"

Akakitazama. Akakitazama vizuri, kwa bidii, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Sijui, fundi."

Kitabu nilichomjazia mwanzo kilisema aliifungua kabureta, akaisafisha na kuirudisha.

Nikaweka muhuri chini. Nikasema siwezi kugonga. Obedi aliacha kutabasamu. Winnie akasema, kwa sauti ndogo, "Nigongee tu, Baba Yasmin. Mama ameshawaambia watu wote wa Mwaloni kwamba nafanya mtihani."

"Siwezi, mwanangu. Itakuwa uongo."

Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. Sikujua kwamba anayo.

"Ulipotakiwa unifundishe ulinituma chapati. Nilikuja siku saba nimepiga pasi, ukaniambia nisimame mbali. Uongo uliuweza siku ile, ukaupulizia na pumzi. Leo mimi ndiye nauhitaji, ndiyo umekuwa mkweli? Huo ukweli wako umeanzia kwangu?"

Nimetukanwa na walevi, nimetukanwa na matajiri. Hakuna aliyewahi kunipiga pale alipopiga yule binti, na hakutumia tusi hata moja. Obedi alimgusa bega akamwambia waende, wapo wengine watakaogonga. Alikuwa anasema kweli, nami nilimjua angalau mmoja wao kwa jina, maana tuliandika naye barua. Winnie akamnyang'anya kitabu mkononi, akatoka peke yake. Ijumaa ikapita. Jina lake halikuandikishwa. Mwaka wake mmoja umekwenda, na mimi ndiye niliyeula.

Jumatatu nilifika bandani nikamkuta mlangoni. Ovaroli ile ile, safari hii haikupigwa pasi. Hakunipa shikamoo.

"Nimekuja kudai wiki zangu nane," akasema.

Nikamfungulia. Nikamweka mbele ya kabureta, nikamwambia afungue. Siku ya pili alikata uzi wa skrubu nikamfokea, naye akanifokea kwamba sikumwambia iko laini. Ni kweli sikumwambia. Siku ya nne alisikia injini inakoroma akasema ni petroli haifiki, akawa amepatia, na nikakuta nimemkasirikia baba yangu kwa kutonionyesha kwamba mtoto wa mtu mwingine naye ana masikio. Ijumaa jioni akaandika mwenyewe ukurasa wa kwanza. Nikausoma mstari kwa mstari. Nikagonga muhuri mmoja.

Wiki hiyo hiyo niliandika barua ya pili kwa mkuu wa chuo. Nilisema barua ya kwanza ilikuwa ya watu waliokamatwa wakidanganya, nami nilikuwa wa kwanza wao, na kwamba Mwalimu Justa arudishwe kwenye mageti. Mwandiko ule ule, wino ule ule, muhuri ule ule. Mpaka ninapoandika haya haijajibiwa. Nikihesabu mihuri yote niliyogonga mwaka ule, ule wa barua ya uongo ndio ulioaminiwa haraka kuliko yote.

Jumatatu iliyofuata nikachukua kitabu cha Winnie, nikaenda Igoma kuomba radhi. Nilimkuta Mwalimu Justa karakana, wanafunzi thelathini wamepanga mstari kwenye majiliwa ya kubania chuma, tupa zinalia. Alikuwa ameshika kipande cha chuma juu kwenye mwanga wa dirisha. Akamrudishia kijana aliyekileta. "Bado," akamwambia. Kisha akaniona.

"Mwalimu, ile barua niliiandika mimi."

"Najua. Niliuona muhuri."

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Badala yake nikampa kitabu. Aliufungua ukurasa wa kwanza, akasoma mwandiko wa Winnie taratibu, mpaka pale kwenye skrubu iliyokatika. Akafunua wa pili, mtupu. Wa tatu, mtupu. Akafunua yote mpaka wa nane, kwa kidole kilichojaa vumbi la chuma.

"Umegonga mmoja."

"Mmoja, mwalimu."

"Leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Saa ngapi?"

Nikatazama simu. "Saa tatu na nusu."

"Na sasa hivi Winnie anafundishwa na nani?"

 Nilikuwa nimemwachia ufunguo nikamwambia aoshe plagi mpaka nirudi.

Mwalimu Justa alinirudishia kitabu kifuani, kwa nguvu, hata nikapiga hatua moja nyuma. "Toka hapa, Seif," akasema. "Nenda kazini kwako."